Hodi Iliyotoka Kajiado

Siku hiyo tulikuwa wanne ndani ya ofisi ya parokia, hapa Kitengela, na nitawataja wote ili mtu asije akasema niliota. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Ruth Mutheu, karani wa ofisi, ambaye pia alikuwa mpangaji wangu, chumba cha tatu kutoka langoni. Wa tatu ni Mwalimu Damaris Kwamboka, mwenyekiti wa kina mama. Yeye tulijuana tangu tukiwa wasichana kule Kajiado, yeye akifundisha na mimi nikiuza mboga. Wa nne ni Mzee Were, bawabu, mtu wa Busia. Hakuwa na kazi ndani ya ofisi, lakini chai ilikuwa ndani. Wa tano ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Huyo alikuwa Petro Lemayian, na zilikuwa zimebaki siku mbili tumzike.

Najua mnavyofikiri. Mambo ya namna hii watu huyaweka usiku, penye giza na fisi. Hili lilikuja saa kumi mchana, jua la Kitengela likipiga mabati mpaka yanalia, vikombe vikiwa mezani. Kama ningekuwa natunga, si ningechagua saa nzuri zaidi? Niamini tu. Nimezeeka na sina nguvu za kutunga.

Shule niliiachia darasa la tatu. Lakini Mungu alinipa kitu kimoja, nacho ni majina. Ningeweza kukutajia wote waliouza sokoni Kajiado wakati wangu, kibanda kwa kibanda, na waume zao, na watoto waliowazika. Ndiyo maana Padre aliniita ofisini, ile miaka ambayo simu za mkono zilikuwa zimeanza kuingia hata kwa wachungaji wa mifugo. Vitabu vya zamani vya ubatizo vililiwa na mchwa, na vilitakiwa viingizwe kwenye kompyuta. Ruth alisoma kilichobaki, na mimi nikajaza kilicholiwa. Akisoma, "Yosefu ole Ki...," nilimalizia, "Ole Kimiti. Mama yake Nasieku, alikuwa na pengo hapa mbele." Ruth, ambaye kama wengine wote aliniita Shosho, yaani bibi, alicheka akasema, "Shosho, pengo halina mahali pa kuandikwa."

Majina yote yalipaswa kufika Kajiado, kwenye kompyuta kubwa iliyokusanya ya makanisa yote. Fundi wake alikuwa huyo Lemayian. Sasa shida ilikuwa hivi: mashine yetu ilikuwa ya Windows, kama za watu wengi, na ile ya Kajiado ilikuwa ya Linux. Hayo pia ni majina na sikuyasahau. Nilimwuliza kwa simu, hizi mbili zitasikizana vipi? Akaniambia, "Shosho, mimi nyumbani nazungumza Kimaasai, wewe unazungumza Kikikuyu. Tukikutana si tunaongea Kiswahili? Nimeweka Kiswahili katikati."

Na kweli aliweka. Kila Alhamisi saa kumi Ruth aliwasha ile mitambo ya laini ya simu, ikalia kama mbuzi ndani ya mtungi, halafu akamsomea Lemayian kwa simu ya mkono nambari fulani ndefu. Kidogo tu, hiyo mashine ya mbele yetu ilikuwa mkononi mwake, yeye akiwa Kajiado amekaa kwa kiti chake. Mshale ulitembea wenyewe. Mafaili yalifunguka. Mara ya kwanza nilifanya ishara ya msalaba.

Lakini alikuwa mtu wa adabu. Ruth aliniambia mafundi wengine huingia tu, unashtukia mshale unakimbia. Lemayian hakuwa hivyo. Alifungua ukurasa mweupe, akaandika neno moja, *hodi*, na hakugusa kitu kingine mpaka ajibiwe. Kumjibu kukawa kazi yangu. Nilitafuta herufi moja moja kwa kidole hiki, k, a, r, i, b, u, kwa muda ambao chai ingepoa, na Mzee Were akinicheka mlangoni: "Haraka Shosho, mgeni anaungua jua!"

Unajuaje kama ni yeye? Kulikuwa na alama tatu. Alipoingia, ile picha ya mlima iliyokaa kwenye skrini yetu, kama unavyoonekana ukiwa Loitokitok, ilitoweka, skrini ikabaki rangi moja tupu. Tena kitone cheusi, kidogo kama mbegu ya mchicha, kilifuata mshale nyuma. Na herufi zake zote zilitoka ndogo, hata za majina ya watu, maana herufi kubwa za mashine yake hazikuweza kuvuka kuja kwa yetu. Alisema angelitengeneza hilo siku moja.

Sasa niwaambie habari ya kitabu cha zamani.

Tulifika mwaka ambao Petro Lemayian alibatizwa. Mtoto huyo nilimshika mimi mwenyewe mbele ya maji, nilikuwa mama yake wa ubatizo. Mlezi ameandikwa Nolari, mama Mmaasai ambaye Mungu hakumpa tumbo. Kwao mama kama huyo huweza kupewa mtoto akamlea, na mtoto akawa wake kabisa, bila mtu kuuliza. Mahali pa baba katekista alipiga mstari, kama alivyowapigia wengi. Mahali pa mama pako wazi. Pako wazi kwa sababu aliniuliza, nami nikamjibu, "Tutaleta baadaye."

Mama mwenyewe alikuwa nje ya ua wa kanisa, amejifunika leso, anachungulia. Alikuwa mwalimu kijana asiye na mume, na wakati ule kazi ingemtoka. Usiku wa kumpeleka mtoto kwa Nolari alinishika mikono akaniambia niape. Nikaapa kwa jina la mama yangu aliyenizaa, nikalitaja, kwamba sitasema. Mwalimu huyo baadaye aliolewa na bwana wa kiwanda cha saruji, wakajenga hapa Kitengela, akazaa wanne, akawa mwenyekiti wa kina mama. Ndiyo, ni Damaris.

Kompyuta haikuwa kama katekista. Haikukubali "baadaye." Kisanduku cha jina la mama kikiwa tupu, mstari mzima ulikuwa mwekundu. Alhamisi moja Lemayian aliuona mwekundu huo, akaona ni wake. Akapiga simu, akaomba apewe mimi.

"Shosho, sopa," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Yeyo Nolari, mama aliyenilea, kabla afe aliniambia nilipewa. Akasema nikitaka kujua, nimtafute mama wa mboga aliyenibeba ubatizoni. Nimeona jina lako hapo. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Yeyo ni Nolari, hilo sibadilishi. Lakini huyu mwingine ni nani?"

Niliangalia ukuta. Nikamwambia, "Huyo nimemsahau, mwanangu."

Mimi! Sikuwa nimesema neno hilo maishani. Akasema, "Sawa, Shosho." Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

Nilienda kwa Damaris jioni hiyo. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Uliapa," akaniambia. "Na mzee wangu yuko na presha. Unataka nimzike?" Nikarudi nyumbani.

Alhamisi iliyofuata Lemayian aliuliza tena, kwa mzaha. "Shosho, wewe unakumbuka hata jina la mbuzi wa jirani. Jaribu." Nikachoka. Unajua kule kuchoka kwa mtu anayebeba debe la mtu mwingine? Nikasema, "Ngoja Alhamisi ijayo, nitakumbuka." Akasema, "Sawa, Shosho. Nitapiga hodi." Nilikuwa nimekusudia kumwambia. Naapa nilikusudia, ingawa kuapa kwangu mnaona kulinifikisha wapi.

Jumapili jioni lori la mchanga lilimgonga akiwa kwa pikipiki, karibu na Isinya. Alikufa papo hapo. Hakuwa ameoa.

Basi Alhamisi hiyo ndiyo tulikuwa ofisini wanne. Ruth alikuwa anapiga chapa karatasi ya mazishi, ile yenye picha na historia ya marehemu. Damaris alikuja kwa sababu mwenyekiti ndiye hupanga chai na sufuria za kubeba. Alikaa kwenye benchi na daftari lake, mkavu kabisa. Tulifika mahali pa kusema ni mtoto wa nani, na Ruth akauliza, "Niandike 'mwana wa marehemu Nolari' basi?"

"Andika hivyo," Damaris akasema upesi.

Kumbukeni mambo mawili. Nyaya za simu zilikuwa zimeibwa usiku wa Jumanne, nguzo kumi na kitu, mji mzima hauna laini. Mzee Were alikuwa ametoka kulalamika kuhusu hao wezi. Na hapakuwa na mtu aliyesoma nambari yoyote kwa simu. Angesomewa nani?

Saa kumi ikagonga. Karatasi ya mazishi ikajishusha pembeni. Mlima ukatoweka.

Ruth aliondoa mikono kwenye meza kama aliyeunguzwa. "Mimi sijagusa," akasema. "Shosho, mimi sijagusa kitu."

Ukurasa mweupe ukafunguka. Na pale juu, kwa herufi ndogo, likaja neno.

*hodi*

"Ni mtu wa Kajiado ameshika mashine yake," Damaris akasema.

Ruth akapiga simu ya mkono parokia ya Kajiado. Nilisikia mwenyewe akijibiwa. Hakuna aliyeishika. Dada zake Lemayian, mabinti wa wake wenza wa Nolari, walikuwa wameifunika kwa shuka tangu Jumatatu na kukunja waya juu yake, mashine ya mtu aliyekufa isije ikawaka.

*hodi*, ikaja ya pili.

Mzee Were alikuwa mlangoni na kikombe. "Msimjibu," akasema. Hakuwa anacheka. "Kwetu hodi ya mtu kama huyo inaachwa ife yenyewe."

Ikaja ya tatu. Halafu kile kimstari cha kuandikia kikabaki kinapepesa, kinapepesa, kama mtu amesimama kwenye kizingiti na kofia mkononi.

Mnaniuliza kwa nini nilijibu? Nimejiuliza miaka hii yote. Nimelelewa hivyo. Mtu akibisha hodi mara tatu na wewe uko ndani, utanyamaza? Tena huyu niliyembeba? Mkono ulikwenda wenyewe. K, a, r, i, b, u. Niliona mkono wangu ukifanya, na safari hiyo haukutafuta herufi.

Mgeni uliyemkaribisha huwezi kumfukuza. Aliingia. Kitone cheusi kikafuata mshale, polepole, hakikimbii. Akafungua kitabu cha ubatizo. Akashuka mwaka kwa mwaka mpaka kwenye ule mstari mwekundu. Akasogea kando, akapita jina lake, akapita Nolari, akasimama ndani ya kisanduku cha jina la mama. Hakufanya lingine. Alingoja.

Mabati yalilia. Ruth akaanza kulia pia, msichana wa watu, akanishika nguo. "Shosho, anataka jina. Mpe jina aende. Ni nani? Nitaandika mimi."

Nikamwangalia Damaris.

Aliinuka kutoka kwenye benchi. Alikuja mpaka kwenye meza, akasimama mbele ya skrini, karibu hata pumzi yake ikaitia ukungu. Alinyoosha mkono wa kulia juu ya vitufe. Nikasema moyoni, Mungu ashukuriwe, leo nitatua. Kidole chake kilikuwa juu ya herufi. Halafu akachukua ncha ya leso yake, akafuta vumbi kwenye vitufe, taratibu, kama mama anayemfuta mtoto mdomo. Akarudi kukaa. Akaniangalia, na macho yake yakanisomea kile kiapo chote, neno kwa neno.

"Shosho!" Ruth akapiga kelele.

Nilikuwa naweza kusema. Ulimi ulikuwa wangu. Wala hakuna pepo aliyeniziba mdomo, hilo sitawadanganya. Nilihesabu ndoa ya Damaris, watoto wake wanne, presha ya mzee wake, kiapo changu, na nikaona aliyekufa ameshakufa. Nikaiambia ile skrini, kwa sauti, "Nimesahau, mwanangu."

Kimstari kikakoma kupepesa. Niamini, kilikoma. Halafu ndani ya kisanduku cha jina la mama, kwa herufi ndogo, moja baada ya nyingine, yakaja maneno mawili.

*sawa shosho*

Yakajifuta yenyewe, herufi kwa herufi, kutoka nyuma. Kitabu kikajifunga. Kitone kikaondoka. Mlima ukarudi polepole, theluji kwanza. Karatasi ya mazishi ikainuka pale tulipoiacha: mwana wa marehemu Nolari.

Mzee Were aliweka kikombe chini bila kukimaliza, akaenda kwenye lango lake. Mwisho wa mwezi aliomba kwenda kwao, hakurudi.

Jumamosi tulimzika Kajiado. Nilipitia ofisini kwao, nikaiona ile mashine kwa macho yangu, na shuka nyekundu juu yake, na waya umekunjwa. Damaris alikaa kwenye moto wa chai siku nzima, na kila aliyemwona macho alimwambia pole kwa moshi. Wakati wa udongo hakusogea. Nilitupa konzi moja kwa ajili yangu, halafu nikainama nikatupa nyingine. Padre aliniangalia. Sikueleza.

Hajabisha hodi tena. Kwa miezi nilikaa mbele ya ile mashine kila Alhamisi, kidole kikiwa juu ya k, mpaka parokia ikanunua nyingine na ile ikapelekwa stoo. Nilidhani nitaogopa akirudi. Kumbe nilichoogopa ni kimya chake.

Kilichobaki ni hiki. Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi, Ruth alikuwa anahakiki tuliyokwisha kuyajaza, akasoma, "Yosefu ole Ki...," akarudia, nami nikafungua mdomo nikakuta pako wazi. Pengo nililiona. Nasieku nilimwona. Jina la kumalizia halikuwepo. Mliloliona hapo juu nimelipata kwa Ruth, alilolichapa siku nilipomtajia. Nikasema ni uzee. Alhamisi iliyofuata likaenda lingine. Tangu hapo ni hivyo, moja moja, bila haraka, kama mtu anayehamisha vyombo kwenye nyumba. Majina ya wenzangu wa sokoni yamekwenda. Wapangaji nawaita "wewe." Wajukuu wameandika majina yao kwa karatasi na kuibandika mlangoni kwangu, wanafikiri nacheza.

Jina la Damaris halikuenda. Alifariki mwaka jana, mzee wake akiwa amemtangulia, na mbele ya jeneza lake nilijaribu kulisahau jina hilo, likakataa. Damaris Kwamboka. Kati ya majina yote niliyopewa, hilo tu limekaa imara; mengine ya humu Ruth amenikumbusha. Wanawe wakisoma haya wanisamehe. Mlikuwa na kaka, alikuwa na adabu.

Ninyi mnaosoma, mtu akibisha hodi kwako, mwulize kwanza anakuja kuchukua nini, na kama hutampa, usimkaribishe. Na jina unalolikumbuka, usiseme umelisahau. Kuna anayekusikia na kukuamini.

Nimechoka, mkono unauma. Kama kuna jina nimelikosea hapa, Ruth, au mtu yeyote wa Kajiado wa siku zile, nisahihisheni, sitaona vibaya. Na kuna moja naomba zaidi. Juzi, Alhamisi, nilitaka kuandika mahali pale palipo na kile kiapo jina la mama yangu, nililoapa kwalo. Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Alikuwa mwembamba, alilima viazi kule Kiambu, alipenda kuimba akiteka maji. Kama yuko mtu aliyemjua, aniambie aliitwa nani.